Rangi ya Mtumbwi

...kwa maana hakuna mtu anayetoa rangi bure, siku hizi hata chumvi watu wanapimiana kwa ncha ya kidole, lakini Isidore ameleta kopo zima, buluu ya kupakia mitumbwi, mfuniko haujaguswa, akaliweka hapo karibu na gari akasema, "Shemeki, nimeona unasumbuka na ile kijani, kamata," kisha akaketi juu ya gogo, na mpaka sasa ameketi, hajaomba kitu, na mtu ambaye hajaomba kitu ndiye wa kuchungwa, Bonaventure anawaza hivyo huku akichovya brashi na kuikamua ukingoni mwa kopo, polepole, maana rangi hii imetengenezwa kwa ajili ya mbao, kwenye bati inateleza, ukiipaka nzito inatiririka machozi mpaka chini ya mlango, lazima uivute, uivute, uirudie kabla haijashika, na wewe unavuta huku jicho moja liko kwa shemeji yako, kaka wa mke wako, mtu aliyekula sahani moja na wewe tangu Georgette ni msichana, leo amekaa ugenini, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama amekuja matanga... "Itatosha, shemeki?" anauliza Isidore. "Tutaona," anajibu Bonaventure, na moyoni anasema aha, anataka kujua itakwisha lini, wote wanataka kujua itakwisha lini, yule komanda naye alitaka kujua, siku ile alipoingia hapa uani na askari wake, mchana kweupe, barabara nzima inaangalia, akaizunguka Pejo, gari hili hili, akagonga boneti kwa kifundo cha kidole, akacheka, akampa mkono, mkono kabisa, akautikisa, "Muzuri, muzee, endeleya, ikiisha tutakuya kuiangaria," wakatoka, hata kuku hawakuchukua, na kuku walikuwepo, wanono, wanapita katikati ya buti zao, na tangu siku hiyo usingizi umemkimbia, kwa sababu komanda hakuwa anapita tu, mtaa huu hauna kitu cha kumleta komanda, mtu alimwambia, mtu alisema kwa Bonaventure kuna gari linaamka...

Ndiyo, linaamka, na kosa ni lake mwenyewe, hapo hana wa kumlaumu, mji mzima wa Baraka unajua namna ya kukaa na gari wakati wa vita, unaliua, unang'oa magurudumu unayafukia, unalipandisha juu ya mawe, unaacha kuku watage kwenye viti, unaacha kutu ile inavyotaka, na akija mwenye bunduki unamwonyesha kwa huzuni, angalia, kiongozi, lilishakufa zamani, mzee Patrice hapo ng'ambo ya barabara amepanda maharage kando ya Land Rover yake mpaka yameota juu ya paa, ukipita huoni gari, unaona shamba, na ndani ya shamba lile injini imepakwa grisi inang'aa, kila mtu anajua na hakuna anayesema, ndivyo watu wanavyoishi, na yeye pia aliishi hivyo, Pejo yake ilikufa vizuri kabisa, ilikuwa maiti ya kuaminika, mpaka mvua hizi zilipopungua ikamjia hamu, hamu tu, kama ya mwanamke mjamzito, ya kuliona mara moja likiwa na rangi yake, kwa sababu gari hili alilikuta mtaroni kwenye njia ya Fizi mwisho wa vita ya kwanza, askari waliokuwa wakikimbia walilipaka kijani kwa pupa, hata vioo walivipaka, wakaliendesha mpaka likazima, yeye akalivuta kwa kamba, akalipatia mlango wa gari lingine, akaligongea boneti ya bati la pipa, miaka yote hii, na bado ni la kijani, la kwao, na ukipanda Fizi na gari la kijani, rangi ya askari, wale wapiganaji wa mlimani hawakuulizi jina, wanapiga kwanza, kwa hiyo rangi ni lazima, si urembo, alimwambia Georgette hivyo, si urembo, na Georgette akacheka akasema, "Sema tu unamuvalisha bibi yako ya kwanza," alikuwa anaita Pejo mke mwenzake, akilipita analisalimia kwa dharau, akianika nguo anaanika juu yake makusudi, ugomvi wao wa kila siku, mtamu... na sasa haiiti tena hivyo. Lini aliacha? Anasimamisha brashi. Ameacha, kweli, siku hizi anaanika nguo kwenye ua wa nyuma, na akiambiwa jambo anaitika ndiyo, baba Ketsia, sawa, baba Ketsia, Georgette huyu, ambaye hajawahi kuitika sawa bila kuongeza neno lake juu, na juzi alimkuta na Isidore nyuma ya jiko, vichwa pamoja, wakanyamaza alipotokea, Georgette akaanza kusifu dagaa, dagaa wakubwa mwaka huu, nani aliyeuliza habari za dagaa...

Basi ni wao. Anapaka, anapaka kwa nguvu, brashi inaacha mistari. Kaka na dada, wameona gari linakaribia kutembea, wakaona faida, Isidore anavuka ziwa mpaka Kigoma anarudi, mtumbwi wake haujapigwa, dagaa wake hawajachukuliwa, anapita wapi wenzake wanapovuliwa hadi mashati, ana nani kule kambini, na hii buluu, mbona buluu, Baraka yote magari ni kutu na udongo, utapaka buluu moja kama hii watakuona toka kizuizi cha kwanza mpaka cha mwisho, gari la buluu la Bonaventure, halina pa kujificha, hiyo ndiyo zawadi, shemeji yangu amenipa alama... na wakichukua gari wanachukua na dereva, hilo ndilo baya, gari mtu analisahau, lakini walimchukua dereva wa misheni na lori, lori lilionekana baadaye, yeye mpaka leo mkewe anampikia... "Umechoka, shemeki, nishike kopo?" anasema Isidore, amekwisha kusimama. "Kaa tu." Anakaa. Amekaa upesi mno. Mtu mzima, mwenye watoto wakubwa, ukimwambia kaa anakaa kama ameamriwa... upepo wa ziwani unaleta vumbi, Bonaventure anachukua ndoo anamwaga maji chini kuzunguka gari, udongo unywe, usiruke, maana vumbi likishaingia kwenye rangi mbichi halitoki tena, vioo amevipaka sabuni ili matone yafutike, amefikiria kila kitu isipokuwa watu, na wakati anainama na ndoo anasikia kutoka jikoni sauti ya Georgette anaongea na jirani yao Pulchérie, sauti ya chini lakini ukuta ni wa matete, "...mwambie asishuke kwanza, hata kama iko na homa, asishuke..." na Pulchérie anasema, "Ule mutoto, mama, atakufa na baridi kule," na Georgette anasema, "Afazali baridi."

Maji yanaisha kwenye ndoo, bado ameinama. Asishuke. Wanaoshuka ni wa mlimani, hakuna wengine. Mtoto gani yuko mlimani, Ketsia amelala ndani, watoto wote wa Pulchérie hao wanacheza barabarani, mtoto aliyebaki ni mmoja, Élie, kifungua mimba wa Isidore, ambaye Georgette alimwambia yuko Kigoma, anasoma, alimwambia hivyo akichungulia ndani ya sufuria, hakumtazama, na yeye akafurahi, akasema vizuri, kijana ana kichwa, akija nitamfundisha injini... Élie hayuko Kigoma. Élie yuko kwa Mai-Mai, wapiganaji wa huko juu, na homa, na Pulchérie anajua, mtaa unajua, hata Patrice na maharage yake bila shaka anajua, ni yeye peke yake asiyejua, yeye mume wa shangazi yake, kwa nini yeye... anainuka, anamwangalia Isidore, na Isidore hatazami gari. Hajatazama gari tangu aje. Anatazama ukuta wa jikoni, uso umemwisha damu, kisha anatazama mkono wa Bonaventure, kisha uso wake, kupima kama amesikia, na anaanza kusema kwa sauti kubwa isiyo na sababu, "Lakini iko inapendeza, shemeki! Iko inapendeza sana!" na Bonaventure anarudi kwenye mlango na brashi kwa sababu hajui pengine pa kwenda, anavuta buluu juu ya kijani, na buluu hiyo hiyo inaanza kumwonyesha yeye mwenyewe, jinsi anavyoonekana kutoka barabarani... mtu mmoja tu Baraka nzima analipaka gari lake rangi, hadharani, mchana, wakati wenye akili wanayazika. Mtu wa namna gani hufanya hivyo? Mtu asiyeogopa. Na nani haogopi, wakati huu, baada ya mauaji ya Makobola, nani? Komanda aliingia kwake, akacheka, akampa mkono. Hata kuku hakuchukua. Mungu wangu, hata kuku hakuchukua, yeye aliona ni mtego na mtaa uliona ni urafiki, angalau mmoja angechukuliwa, jogoo tu, yeye angekuwa amesalimika... na Suzanne wa mashine ya unga aliyemtanguliza kwenye foleni, yeye akadhani ni heshima ya umri, na wanaume wanaocheza karata kwa Patrice wanaoaga akikaribia, akadhani wanamficha kitu, ndiyo, wanamficha, wanamficha Élie na akina Élie wao wote, kila nyumba ina wake... na Georgette. Georgette anayeitika sawa, baba Ketsia. Analala naye kitanda kimoja akiogopa asije akaota kwa sauti. Anataka kutupa brashi aingie jikoni amshike mabega amwambie ni mimi, mjinga yule yule, niite mume wa Pejo, nitukane.

Na hili kopo. Halikuwa alama. Mtu anampelekea nani kopo zima, jipya, bila kuomba kitu, halafu anakaa magoti pamoja? Anawapelekea wakubwa. Isidore amempelekea yeye kile watu wanachopeleka kambini, amenunua ukimya wa shemeji yake kwa rangi ambayo mtumbwi wake mwenyewe unaihitaji, amekuja kukaa juu ya gogo kuchungulia kama mwanawe bado yuko salama kwenye uso huu... sema kitu, Bonaventure, sema sasa. Mwambie usiogope. Lakini hao wenye bunduki ndio wanaosema usiogope, ni neno lao la kwanza. Mwambie mimi sisemi kwa mtu. Atasikia kama nimemwambia najua, na bado sijasema. Mwambie komanda yule simjui, hata jina lake... nani atasema anamjua? Muulize basi habari za kijana, kama mtu wa nyumbani anavyouliza, Élie anaendeleaje, amepona homa? Hapana, hapana, Mungu wangu, hilo ndilo swali lenyewe la mpelelezi, atakimbia leo hii, watahama wote, mtoto aliyemkalisha kwenye usukani miguu yake ikiwa haijafika kwenye pedali, sasa hawezi hata kulitaja jina lake, limeshakuwa la hatari kinywani mwake... Ubavu umebaki nusu, nusu kijani nusu buluu, akiacha hapa watasema amepata amri nyingine, akimaliza watasema amemaliza, kwa hiyo anachovya, anakamua, anavuta, mkono unajua kazi, na anatafuta neno moja ambalo halimgusi mtu yeyote, analitafuta kweli, anapitisha yote moja moja, mpaka anabaki na lile dogo kabisa.

"Iko rangi muzuri," anasema.

Na mabega ya Isidore yanashuka, pumzi inamtoka, anainama kidogo pale alipo, yeye aliyelibeba kopo hilo kutoka ng'ambo ya ziwa, yeye aliyetoa, na anasema kwa sauti ya chini, haraka, "Aksanti, shemeki. Aksanti sana."

Bonaventure anaitikia kwa kichwa, kwa sababu hakuna jingine la kufanya, na anaendelea kupaka.