Korongo Chini ya Chokaa

Asubuhi ile mama alipaka chokaa ukuta wote wa sebule, kabla shangazi yake Mansuri, mchumba wangu, hajafika kutoka Kibondo. Alikuwa anakuja kuuchunguza ukoo wetu, kama ilivyo desturi: je, kuna wezi, kuna wachawi, kuna wazimu? Baba alikwisha kupelekwa Kagerankanda kwa mdogo wake. Ndege aliowachora ukutani kila ugonjwa wa akili ulipompanda, mama aliwafunika kwa chokaa.

Shangazi alikunywa chai huku akilitazama bango la saluni nililokuwa nimelianika. Nusu ya mabango ya maduka ya Kasulu nimeyachora mimi.

"Mkono huu umeurithi kwa nani, mwanangu?"

"Hajarithi kwa mtu," mama akadakia. "Kajifunza mwenyewe."

Kajifunza mwenyewe! Nilishindwa kukaa. Nilichukua kijiko cha chai, nikakwangua chokaa mbichi mpaka likatokeza jicho la korongo, kisha mdomo, kisha bawa.

"Kwa baba," nikasema. "Ni mgonjwa wa akili. Kama hamnitaki, semeni sasa hivi."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Shangazi alimtazama korongo kwa muda mrefu, halafu akayatazama macho yangu mekundu.

"Na usingizi, unapatikana?"

"Baba? Akianza kuchora halali kabisa."

"Nakuuliza wewe, mwanangu."

Nilianza kuhesabu siku kwa vidole. Ilikuwa Alhamisi, bango lile lilikuwa la tisa tangu Jumatatu, na sikukumbuka nililala lini.