Dripu ya Muema

Kichwa kilimuuma Muema wiki tatu. Zahanati ya hapo Uthiru ilimpa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, naye akaendelea kwenda ofisini huku akifumba jicho moja kukimbia mwanga. Siku alipomwita mkewe Kasiva “mama”, kana kwamba ni mzazi wake, na kumwuliza kama mbuzi wamerudi, Kasiva hakungoja tena. Alimpigia simu jirani mwenye gari, wakampeleka hospitali kubwa.

Daktari Vidhi alimdunga Muema sindano mgongoni, maji ya uti wa mgongo yakatoka kwa nguvu ya presha ya kichwani. Jioni alimwita Kasiva pembeni.

“Ni fangasi, mama. Imeingia kwenye utando wa ubongo.”

“Fangasi? Si ni ile ya vidole?”

“Hapana. Hii iko kwenye vumbi, sote tunaivuta. Mwili wenye kinga huishinda. Wake umeishiwa kinga.”

“Kwa nini?”

Daktari alishusha macho. “Hilo atakwambia mwenyewe.”

Muema alimwambia siku ya tatu, presha kichwani ilipopungua na akili kumrudia. Alikuwa ameambiwa ana virusi vya ukimwi mwaka juzi. Akaanza dawa, akaziacha.

“Niliogopa utaziona, Mama Mwendwa,” alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Kasiva alichukua mkoba wake. Alitoka, akaenda kupimwa. Alikutwa navyo pia. Akarudi wodini na chupa yake ya vidonge vya virusi mkobani, kwa kuwa saa ya dripu ya kuua fangasi ilikuwa imefika na hapakuwa na mtu mwingine wa kumshika Muema.

Dripu hiyo ilihitaji mgonjwa ashikwe. Dawa ilikuwa ya manjano, iliyofunikwa isipigwe na mwanga, na ilichukua saa nne kuisha. Nusu saa tu ikiingia, Muema alianza kutetemeka mpaka kitanda kikalia, meno yakagongana, joto likampanda. Wagonjwa wa wodi ile waliiita tikisa.

“Toa hii kitu,” aliomba. “Inaniua. Afadhali niende nyumbani.”

Alijaribu kuing’oa sindano. Kasiva alimkamata kifundo cha mkono, akakibana kuliko ilivyolazimu, na alijua hivyo.

“Hutatoka hapa,” alisema. “Ulinificha miaka miwili. Leo utakaa, utatetemeka, na baadaye utanijibu.”

Muema alikaa.

Siku ya sita vipimo vilionyesha figo zake zinalegea. Daktari Vidhi aliisimamisha dripu.

“Dawa inayoua fangasi ndiyo inayomuumiza figo,” alieleza. “Tunahamia vidonge, dozi kubwa.”

“Vina nguvu kama hiyo?”

“Si sana. Sitakudanganya.”

Kwa siku nne Kasiva alipima mkojo wa mumewe kwenye chupa, akiandika kila tone, akimchukia na kumwombea kwa pumzi moja. Siku iliyofuata mkojo uliongezeka; figo zilikuwa zimeanza kupona. Sindano ya mwisho ya mgongoni haikuonyesha fangasi hai.

Muema alitoka hospitalini amekonda, na macho yake, yaliyoumizwa na presha ya kichwani, hayakuwa kama zamani: aliona vivuli vya watu, nyuso hakuziona. Kwenye ngazi za nje alisimama, akapapasa hewani.

“Uko wapi?”

Kasiva alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Alimwacha apapase kidogo, kisha akampa kiwiko, wakashuka ngazi.