Ukuta Ulioshukuru Wafadhili

Naanza kwa jina la Mola aliyemfinyanga mja kwa udongo, akampa uso kabla hajapewa jina. Asiyehitaji kutangazwa, wala hakuna kibao kiwezacho kubeba fadhila Zake. Rehema na amani zimfikie Mtume na jamaa zake. Baada ya hayo niwapange watu wa kisa hiki, kila mmoja mahali pake, maana siku zile Kolwezi, mji wetu wa machimbo huko Kongo, hakuna aliyeachwa mahali pake.

Watangulie wafu wawili, kwa kuwa ndio wenye heshima kuliko wote. Banza, mtu wa Lubudi jimboni humu, na Kabeya, ambaye wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, walifanya kazi katika shimo moja na kuishi kambini katika nyumba za kupakana. Ardhi ilipoporomoka, Kabeya alifukiwa; Banza, aliyekwisha kutoka salama, akarudi kumfukua. Hakutoka tena hata mmoja wao, wala maiti zao hazikupatikana.

Wawafuate wajane wao: Mama Ndaya, mke wa Banza, na Mama Mushiya, mke wa Kabeya. Ni Wakristo wanaomcha Mungu, nao walizeeka pamoja wakichota maji katika bomba moja. Kisha aje Kisimba, mwana wa Ndaya. Baba yake alikufa yeye akinyonya; akalelewa na mjomba huko Lubudi, akaturudia mtu mzima mwenye tai na mfuko wa ngozi, asiyejua desturi yoyote ya kambi. Wa mwisho ni Kalumba, katibu aliyekuja naye, ambaye kazi yake yote ilikuwa kukubali.

Wafadhili wa Ulaya walitoa fedha ili ukuta mrefu wa klabu ya wafanyakazi uchorwe, na watu wa mtaa wasimulie historia yao wenyewe kwa rangi. Kisimba akajifanya mwenyekiti wa kamati, akataka aitwe Prezida. Kazi yenyewe aliifanya Ntambwe, mchoraji Mkasai. Aliketi vizingitini na wajane, akawauliza pua ya marehemu ilikuwaje, alicheka vipi, kovu lilikaa shavu lipi. Halafu akaenda ukutani akawarudisha. Hakuandika majina chini ya sura. “Mwenye kusalimiwa,” alisema, “hana haja ya kibandiko.”

Hivyo wasio na makaburi wakapata mahali. Kila Jumapili, baada ya Misa, Mama Mushiya alikwenda ukutani kumsalimu mumewe.

Kisha mambo yakaharibika. Kampuni ya machimbo ikaacha kulipa, maduka yakaporwa, na wakubwa wakasimama majukwaani kuwaita watu wa Kasai *bilulu*, yaani wadudu, wakiwaamuru warudi katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Jirani akavunja mlango wa jirani. Maelfu wakasukumwa hadi stesheni, wakalala kwenye changarawe wakingoja mabehewa. Ntambwe alikwenda na yale ya mwanzo. Mama Mushiya alikuwa bado anangoja, naye hakuomba nyumba yake wala vyombo vyake. Aliomba jambo moja tu: uso wa Kabeya uachwe ukutani, kwa sababu hakuwa na kaburi jingine la kuacha nyuma.

Wakati huohuo ikaja habari kwamba wafadhili watafika kupiga picha za gazeti lao, na wangependa jina lao lionekane vizuri. Kisimba akapata mashaka mawili. Wakubwa wa serikali nao wangekuja, wakaona Mkasai anacheka ukutani. Na tena ukuta ulikuwa umejaa, jina la wafadhili halikuwa na nafasi. Akili yake, ambayo haikuwahi kubeba mambo mawili kwa pamoja, siku hiyo iliyabeba: atafuta uso wa Mkasai, na hapo hapo ataandika jina.

Kwanza alinijia mimi, mwalimu wa madrasa na mtunzi wa tenzi.

“Mualimu, utuandikie mashairi ya kushukuru bafadhili. Uanze na jina yabo.”

“Utenzi huanza kwa jina la Mungu,” nikamjibu.

“Mungu ataelewa. Ye haikuleta rangi.”

Nikamwambia akatafute mshairi aliyeumbwa na wafadhili.

Lakini afute uso upi? Hapo ndipo ujinga wake ulipotoa jasho. Wale waliochorwa walivaa kofia moja za kazi, vumbi moja, uchovu mmoja. Alisimama mbele ya ukuta na Kalumba, wakitazama pua.

“Ule ni Mukasai,” akasema Kisimba.

“Ndiyo, Prezida.”

“Ao hapana. Ule ni wa kwetu.”

“Ni wa kwetu kabisa, Prezida.”

Alijua kwamba baba yake yumo. Mama yake alimwita mara nyingi aje aonyeshwe, naye akajibu kesho. Sasa aliona haya kuuliza, akajichagulia baba mwenyewe: yule wa katikati, mrefu, mwenye kifua kipana na taa iliyowaka juu ya kofia. “Damu inajuana,” alimwambia Kalumba. Kisha akamwagiza akae ng'ambo ya barabara Jumapili, aangalie yule mjane Mkasai atasimama mbele ya uso gani.

Mama Mushiya akaja. Kambini kwetu mjane hamsalimu mumewe kwanza. Humtanguliza yule aliyekufa pamoja naye, kwa kuwa huyo ni mgeni wa nyumba, na mgeni hunyweshwa maji kabla ya mwenyeji. Hata watoto walilijua hilo. Akasimama mbele ya Banza, mfupi mwenye kovu shavuni, akainama, akagusa ukuta kwa kiganja. Kalumba hakungoja zaidi. Alikwisha kukimbia kupeleka habari.

Asubuhi iliyofuata Banza alipakwa chokaa. Juu ya chokaa wakaandika jina la wafadhili kwa herufi nyekundu, kubwa kuliko kichwa cha mtu yeyote.

Siku ya sherehe ilifika. Wakubwa waliketi kivulini, na bibi mmoja wa Ulaya alizunguka na kamera. Kisimba aliwashukuru wafadhili kwa kuleta umoja katika mji ambao, mwendo mfupi kutoka hapo, watoto walikuwa wakifa kwa kuhara kando ya reli. Aliwashukuru tena kwa Kifaransa, asije mtu akadhani amemaliza.

Mama Ndaya akatokea, amemshika mkono Mama Mushiya aliyejifunika kitenge hadi usoni. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye chokaa.

“Kisimba, baba yako iko wapi?”

“Mama, bageni beko,” akasema Kisimba akiwaashiria wageni kivulini. “Baba ni ule pale katikati.”

“Ule ni Tata Kabeya! Mume ya huyu dada yangu.” Akaifunua sura ya Mushiya mbele ya wote. “Baba yako alikuwa apa. Alikuwa mufupi, na kovu. Nani alimupaka chokaa?”

Kalumba alitazama viatu vyake. Mtu mmoja nyuma ya umati akacheka: “Prezida amefukuza baba yake! Amupeleke stesheni!”

Bibi wa kamera akauliza mama anasema nini. “Anashukuru,” akatafsiri Kisimba.

Kalumba, akitaka kusaidia, akanong'ona kwa sauti ya kusikika: “Basi tufute na huyu wa katikati, Prezida. Chokaa ingalipo.”

Mama Mushiya alitoa mlio mdogo, kama mtu aliyekanyagwa. Ndaya alikwenda akaegemea uso wa Kabeya kwa mgongo wake, akatandaza mikono ukutani.

“Kama chokaa iko, anzia kwa mama yako. Mi sitatoka.”

Mzungu yule alifurahi sana. Kwa macho yake, hapo palikuwa na mwanamke wa kijiji akikumbatia mradi. Akapiga picha, akaagiza ukuta usiguswe kabisa, maana hiyo ndiyo picha itakayowekwa mbele ya gazeti. Mkubwa wa serikali, aliyetamani kuonekana Ulaya, akaja kusimama kando ya Ndaya akatabasamu. Kisimba naye akasimama, na chokaa ikarudi stoo. Uso wa Kabeya haukuokolewa na huruma ya mtu yeyote aliyeketi kivulini. Uliokolewa na tamaa yao ya kutazamwa.

Behewa la Mama Mushiya lilipofika, Ndaya alimsindikiza.

“Utamusalimia?” akauliza Mushiya.

“Yeye mbele. Ni mugeni wangu sasa.”

Na ndivyo afanyavyo. Kila Jumapili Mama Ndaya humsalimu Kabeya kwanza. Kisha huenda penye herufi nyekundu, akainamia chokaa ambayo mumewe yuko chini yake. Kisimba ameandika katika taarifa yake kwamba wazee wa mtaa wamejenga mapenzi makubwa kwa jina la wafadhili.

Ewe Mola, wabariki waliobaki. Wabariki wajane wanaowasalimu wafu wasio wao, na nyumba ambazo milango yake haijavunjwa bado. Mbariki hata Kisimba, kwa kuwa rehema Yako haina kamati, na fadhila Yako hulimwagikia jiwe kama ilimwagikiavyo shamba. Amina.