Prosesa Isiyo na Picha

Husna alitoa maboksi mawili ya prosesa kabatini, akayaweka juu ya kaunta ya kioo.

"Hii ni Ryzen 5 5600G," alisema, akigonga la kushoto kwa kucha. "Picha imo ndani yake. Unachomeka skrini, unaona. Gemu la mpira litacheza, kurusha laivu itarusha, ila usiibebeshe makubwa. Hii nyingine ni Core i5 ya kizazi cha kumi na mbili, ile yenye herufi F. Bei zinakaribiana. Ina nguvu zaidi, lakini ndani haina picha, inataka kadi ya picha ya pembeni. Kadi mnayo?"

Duka lake liko mtaa wa nyuma ya stendi ya Same, na mchana ule bati lilikuwa linatuoka. Kwenye kona alikaa Habibu, fundi simu, ameinamia simu aliyoifungua tumbo.

"Dada Husna, hao watu wa Mamba, huko mlimani," alisema bila kuinua uso. "Watachomeka tangawizi."

Anold, rafiki yangu niliyeshuka naye mlimani, alicheka. Mimi sikucheka. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeangalia video za prosesa mpaka bando likawa linaniisha kabla ya wiki kuisha. Nyingi zilikuwa za Kiingereza cha haraka, nikawa nafuata mistari ya rangi inayoonyesha ipi imeshinda, na kila mara iliyoshinda ilikuwa i5. Kadi ya picha nilikuwa nimeisikia. Nilidhani ni ya watu wenye tamaa ya makubwa. Tena bodi ya i5, ile sahani ya umeme ya kupachikia prosesa, ilikuwa palepale mbele yangu, na mgongoni ilikuwa na tundu la kuchomekea skrini. Nililiona kwa macho yangu. Kama tundu lipo, picha itatoka wapi pengine?

Ningeweza kuuliza. Husna angenieleza kwa dakika mbili, na Habibu angepata cha kusimulia mwezi mzima.

"Tunayo," nilisema. "Nipe i5 na bodi yake."

"Nikufungie hapa, niijaribu?"

"Nafunga mwenyewe."

"Basi utunze boksi. Ikikusumbua, irudi bila mkwaruzo."

Prosesa ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya kikundi chetu cha vijana wakulima wa tangawizi, watu ishirini na wawili. Kwa misimu miwili tulikuwa tumefanya msaragambo, kazi ya pamoja, kila Jumanne: tukachimba mifereji ya watu, tukabeba magunia ya tangawizi kutoka mashambani hadi barabarani, na malipo yote yakaingia mfuko mmoja. Hakuna aliyechukua hata ya soda. Tulitaka kompyuta ya kuchezea mashindano ya gemu ya vijiji vya mlimani na kuyarusha, ili ndugu zetu walioko Dar na Arusha watuone na wachangie. Kwenye kikao mimi ndiye niliyesimama mbele ya dada Fortunata, mwenyekiti wetu, nikasema prosesa naijua. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Na kikundi kina kanuni. Shamba letu liko chini ya ndiva, lile bwawa la maji tulilorithi kwa babu zetu, na kila mwanachama ana matuta yake na siku yake ya maji. Anayeharibu mali ya kikundi kwa uzembe au kwa uongo anatolewa, na siku yake ya maji inarudi kwa wenzake. Bila maji ya ndiva, tangawizi inakauka ikiwa bado changa kama vidole vya mtoto. Sina shamba lingine, na Anold hana.

Niliifunga kompyuta katika chumba cha gesti, keisi, lile boksi lake la bati, ikiwa kitandani, Anold akinishikia skrubu. Nilipoiwasha, feni ilizunguka na taa ya bluu ikawaka. Skrini ilikuwa Mamba, kwenye ofisi ya kikundi, kwa hiyo hatukuwa na cha kutazamia. Feni ilitutosha. Anold alipiga picha akaituma kwenye grupu, na majibu yakaanza kumiminika.

Asubuhi gari la kuturudisha nyumbani lilisimama kituo cha Kisiwani kushusha mizigo. Mtandao ulikuwa mzuri, nikafungua simu kutafuta jinsi ya kupanga kamera. Nikakuta video ya kijana wa Mwanza anayeongea Kiswahili taratibu, na alikuwa ameshika bodi kama yetu.

"Usidanganyike na hili tundu," alisema. "Kama prosesa yako haina picha ndani, hili tundu ni pambo. Utaona feni inazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi."

Nilirudisha nyuma. Akasema vilevile. Nikarudisha tena, nikazima sauti, nikawa naangalia midomo yake tu. Nje jua la Kisiwani lilikuwa linachoma. Keisi ilikuwa mapajani kwa Anold, ameifunga kwa kanga ya mama yake, ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Vipi?" aliniuliza. "Umepauka."

"Njaa."

"Kunywa maji. Leo wewe ni mtu mkubwa, usije ukaanguka mbele ya dada Fortunata."

Nilitakiwa kusema pale pale. Gari la kurudi Same lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, konda wake anaita. Ningeshuka, ningerudi kwa Husna, ningevumilia kicheko cha Habibu. Lakini watu ishirini walikuwa wanatungoja saa tisa, na sikutaka kulitamka neno "nilidanganya". Nikajiambia huenda yule kijana amekosea. Gari likaondoka, na la Same likabaki nyuma kwenye vumbi.

Barabara ya mlimani ilipoanza tulichukua bodaboda mbili, mimi mbele, Anold nyuma na keisi. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu umelainika. Kila kona niliyopita nilihesabu zilizobaki, na kila moja iliponyanyuka mbele yangu nilitamani mlima uwe mrefu zaidi. Kichwani nilimwona dada Fortunata akifungua daftari la majina. Niliyaona matuta yangu yamepasuka kwa ukame. Nilimwona mama akisimama njiani na debe, akiomba maji kwa watu niliokuwa nawatania.

Kwenye kona moja kali nikasikia injini ya nyuma ikilia vibaya, kisha kishindo, kisha kimya.

Niliruka chini nikakimbia. Bodaboda ilikuwa imelala ubavu, dereva analaani chinichini. Anold alikuwa amekaa kwenye tope, goti linavuja damu, na keisi iko kwenye majani hatua tatu mbele yake. Hakuangalia goti. Alitambaa hadi kwenye keisi akaifungua kanga. Kona moja ya bati ilikuwa imebonyea.

"Asheri," alisema. "Nimeua. Nimeua mali ya watu."

Nitakisema kilichonipata wakati ule, ingawa sikipendi. Nilipumua. Tangu Kisiwani nilikuwa sijapumua vizuri, na nilipoiona ile kona iliyobonyea, kifua kilifunguka. Skrini ikiwa nyeusi, sababu iko hapa, ina goti linalovuja damu.

Kisha nikaogopa kuliko mwanzo, kwa sababu aliyewaza hivyo nilikuwa mimi.

"Usiwaambie tumeanguka," Anold alinishika mkono. "Nakuomba. Pengine itawaka. Mama yangu hana pengine pa kulima, unajua."

"Sitasema," nilijibu.

Alinishukuru. Alinishukuru mara mbili, akafuta tope kwenye bati kwa mkono wa shati lake.

Ofisini walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Shamsa, msichana anayetuchezea gemu vizuri kuliko mvulana yeyote, alikuwa ameshakaa mbele ya skrini, vidole anavikunja na kuvikunjua. Dada Fortunata alikuwa mezani na daftari lake.

"Shikamoo dada," nilimwamkia.

"Marahaba. Mbona mmechafuka hivyo?"

"Njia mbaya," Anold alidakia.

"Njia ya Mamba lini ilikuwa nzuri? Haya, fundi. Tuonyeshe jasho letu."

Nilichomeka waya wa skrini kwenye lile tundu. Nikachomeka umeme. Kidole kilikaa juu ya kitufe kwa muda ambao watu waliuona, maana mmoja nyuma akasema, "Anaiombea," na wengine wakacheka. Nikabonyeza.

Feni ilizunguka. Taa ya bluu ikawaka. Watu wakapiga makofi.

Skrini ilibaki nyeusi. Shamsa aliinama karibu mpaka uso wake ukaonekana humo kama kwenye kisima.

"Bado inaamka?" aliuliza.

"Subirini kidogo," nilisema.

Tukasubiri. Makofi yalikufa moja moja. Nilichomoa waya, nikachomeka tena, nikajua napoteza muda wa watu. Nilizima nikawasha. Feni, taa, giza. Mtu akasema umeme wa leo ni mdogo, mwingine akamwambia anyamaze, mbona taa ya dari inawaka vizuri.

"Asheri," dada Fortunata alisema, "kuna nini?"

Nilimtazama Anold. Sikukusudia kumtazama, lakini nilimtazama, na chumba kizima kikafuata macho yangu. Wakaliona goti. Wakaiona ile kona ya bati.

"Ni mimi," Anold alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Tulianguka njiani. Bodaboda iliteleza. Keisi iliniponyoka."

"Na hukusema?"

"Niliogopa, dada."

"Nimekuuliza mbona mmechafuka. Ukaniambia njia mbaya."

Dada Fortunata alivuta daftari, akalifungua kwenye orodha ya majina. Hakuwa mtu katili, na pengine ndiyo sababu aliandika taratibu, tarehe kwanza. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Shamsa alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Anold alisimama wima, mikono imenyooka mapajani, kama mwanafunzi anayesubiri fimbo.

Kama ningenyamaza muda wa kuandika jina moja, yangekwisha. Hakuna mtu Mamba ambaye angejua. Niliogopa kusema, nikaogopa pia kuishi karibu na matuta ya Anold yaliyokauka, nikipita na jembe kila asubuhi, yeye akinisalimia.

"Usiandike," nilisema.

Kalamu ilisimama.

"Hata asingeanguka, isingewaka. Prosesa niliyonunua haina picha ndani. Inataka kadi, na kadi hatuna. Husna wa Same aliniuliza kama tunayo. Nikamwambia tunayo."

"Kwa nini?"

"Sikujua kadi ni nini. Niliona aibu kuuliza."

Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka. Mtu wa nyuma alisema misimu miwili, akalirudia hilo neno, misimu miwili, kama anajiuliza ilikwenda wapi.

Dada Fortunata aliomba namba ya Husna, akapiga, akaweka simu mezani tuisikie sote. Husna alisikiliza, akavuta pumzi. Alisema atapokea prosesa na bodi, atatoa ile yenye picha na bodi yake, kama vitu havijaumia. Kama vimeumia, hawezi.

"Vimeumia?" dada Fortunata aliniuliza.

"Sijui. Vimeanguka. Hapa hakuna wa kupima."

Alikata simu. Kisha akageuza ukurasa, kutoka jina la Anold hadi langu.

"Kanuni mliiandika wenyewe. Siku yako ya maji ni ipi?"

"Jumatano."

Aliandika. Hakuinua uso mpaka alipomaliza, na alipouinua alikuwa amechoka. "Kesho nani anaipeleka Same?"

"Mimi," Anold alisema.

"Tutaenda wote," nilidakia.

"Nitaenda mwenyewe."

Watu walianza kutoka, wakipita kando yangu kwa uangalifu kama mtu anavyopita kando ya mbwa asiyemjua. Tukabaki wawili tukifungua nyaya. Anold alikunja waya wa skrini polepole.

"Pale kwenye kona," alisema, "wakati nakuomba usiseme. Ulikuwa unajua tayari?"

Ningeweza kumwambia hapana. Hakuna aliyekuwa ameniona pale Kisiwani.

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa. Alichukua kanga ya mama yake, akaikung'uta tope lililokauka, akaifunga keisi mafundo mawili.

"Nikadhani unanihurumia," alisema.

Akainyanyua keisi kifuani, akatoka akichechemea.