Chai ya Mgonjwa wa Moyo

Kwenye maabara ya polisi walimwita Mama Matone, kwa kuwa hakuwahi kumwaga hata tone la damu ya mtu. Mwenzake wa meza ya pili alipenda kusema kwamba mama huyu hata akilia, kwanza hupima chumvi.

Asubuhi hiyo mpelelezi alimletea damu ya fundi cherehani aliyekutwa amekufa kitandani. Mke wa marehemu alikuwa rumande, maana mama mkwe wake aliapa mbele ya polisi kwamba mwanawe amelishwa sumu.

"Tafuta sumu ya panya," mpelelezi alisema. "Tumekuta pakiti jikoni."

"Nitatafuta kilichomo, baba. Sio unachotaka kiwemo."

Kati ya chupa alizoletewa, Mama Matone alichagua ya damu ya pajani, kwani ya karibu na moyo hutoa kipimo cha uongo mtu akishakufa. Akaitia kimiminika cha kuvuta dawa, akatikisa, akaizungusha kwenye mashine mpaka uchafu ukatuama. Maji ya juu aliyanyonya taratibu, akayakausha, akayayeyusha mabaki na kuyapima. Sumu ya panya haikuwemo. Kilichojaa mle kilikuwa dawa ya moyo. Akarudia, safari hii sambamba na damu aliyoitia dawa mwenyewe kwa kipimo anachokijua. Jibu likawa lile lile: karibu mara tatu ya kawaida.

Akampigia mpelelezi. "Nani alikuwa anampa dawa?"

"Mkewe. Anasema kidonge kimoja kila asubuhi, basi."

"Kimoja hakifikishi kiasi hiki. Niletee na mama wa marehemu."

Alikuja alasiri, kikongwe mwembamba, macho makavu. Mama Matone alimsogezea kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona sumu?"

"Mama, dawa zake za moyo, na wewe ulikuwa unampa?"

"Nani mwingine angempa? Yule mwanamke anasahau hata chumvi kwenye mboga. Nilikuwa namsagia kwenye chai, viwili viwili, kimya kimya. Mwanangu hakupenda vitu vichungu."

Mpelelezi, aliyekaa pembeni na daftari, aliacha kuandika.

Mama Matone angeweza kunyamaza, amwachie askari. Lakini alijua maneno yale yangemfikia tu, tena kwa kinywa cha mtu asiyemjali. Akamshika mkono, akamweleza polepole: kidonge cha mke, na viwili vya kwenye chai, siku baada ya siku, mpaka moyo ukashindwa.



"Kwa hiyo yule mtoto wa watu hakumfanya kitu?"

"Hakumfanya kitu, mama."

"Na mimi nilikuwa namponya."

Mama Matone aliendelea kuushika ule mkono hadi mpelelezi alipoinuka, kisha akarudi mezani kutia sahihi majibu. Tone la wino lilimdondoka kwenye karatasi, akalazimika kuandika upya.

Mjane aliachiwa, akawahi mazishi. Mpelelezi alikuwepo, naye ndiye aliyemsimulia Mama Matone: wanawake wale wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, na mama mkwe alipomnyooshea mkono, mjane aliutazama tu, mpaka ukashuka wenyewe.