Mavi ya Kale ya Bonde la Ruhuhu

Polikarpo wa Mawengi alikuwa mkulima wa viazi, lakini kila kiangazi aliteremka bonde la Ruhuhu kuwasaidia watafiti kutafuta mabaki ya wanyama wa kale. Wenzake walihangaikia mifupa. Yeye alipenda mavi yaliyogeuka mawe.

"Mfupa unakuonyesha ukubwa wa mnyama," alisema. "Mavi yanakuonyesha maisha yake."

Kijijini wakamwita Mzee Mavi, naye akacheka nao.

Binti yake Jenifa, mwenye duka la dawa Makambako, hakucheka. Siku ya sherehe ya kumuaga kabla ya harusi yake, wakwe wakiwa wameketi, alimnong'oneza: "Baba, nakuomba leo usiongee habari zile." Polikarpo alikuwa amevaa koti la kuazima, mfukoni ana jiwe la kuwaonyesha wageni. Jiwe lilibaki mfukoni hadi mwisho. Tangu siku ile hakumgusia tena binti yake habari za mawe.

Februari, nimonia ikamchukua Polikarpo.

Mwezi wa tano Dokta Pendo, mtafiti aliyefanya naye kazi, aliingia dukani. Alitoa pole, kisha akafungua kompyuta juu ya kaunta. Jiwe la mwisho aliloliokota Polikarpo lilikuwa limekatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini.

"Haya ni magamba ya samaki. Hili bawa la mdudu. Na nyuzi hizi ni mti uliooza. Tulidhani dinosaria aliyetoa mavi haya alikula majani tu, nchi kavu. Kumbe alichakura magogo yaliyooza kandokando ya maji. Pale palikuwa na ziwa na msitu. Mzee aliniambia hivyo miaka minne iliyopita, nikambishia."

"Alijuaje?"

"Aliona chembe za mti kwenye mawe ya awali. Akasema amezoa mavi ya ng'ombe maisha yake yote, mnyama wa majani tu hatoi vile." Pendo akamgeukia. "Aliniomba majibu yakitoka nikuletee wewe kwanza. Alisema umesoma, utamfafanulia."

Mteja akaingia kutaka dawa ya kikohozi. Jenifa akampa, akamwelekeza namna ya kuinywa. Mteja alipotoka tu, Jenifa akaketi sakafuni.

"Nilimnyamazisha, dada. Mbele za watu."

Pendo akafunga kompyuta. Akazunguka kaunta, akaketi naye.

Jioni Jenifa alimpigia mama yake, akamsimulia yote: samaki, magogo, ziwa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Umekula, mwanangu?"

"Bado, mama," akasema Jenifa, akaanza kusimulia upya tangu magamba ya samaki.