Kisima cha Mzee Mu

Ufa ulianza nyuma ya jiko, mwembamba kama uzi, na Guilan aliuona kabla ya mtu mwingine kwa sababu ndiye aliyeshinda hapo akikanda unga wa tambi. Akachora mstari wa penseli pale ulipoishia. Siku nne baadaye ufa ulikuwa umeuvuka mstari kwa shibiri nzima, na kidole chake kidogo kiliingia ndani. Mumewe alikuwa mjini kwenye vibarua, akiwajengea wengine nyumba. Hapa walibaki yeye, binti yao Suyin wa miaka miwili, na baba mkwe wake, Mzee Mu.

Aliogopa, tena kwa haki. Kijiji chao cha milimani, kilichokauka maji, kilibomolewa na serikali wiki ile ile walipopakiwa kwenye malori na kushushwa huku chini, kwenye mchanga ambao haukuotesha kitu mpaka mfereji ulipofika. Nyumba hii ikianguka, hawana nyingine ya kurudia.

"Baba, ukuta unafunguka," alimwambia mzee asubuhi.

"Nyumba mpya hujikalisha," mzee akajibu, macho kwenye bakuli lake la chai. "Kama kuku anayetafuta mkao."

"Ina miaka mitatu, Baba. Kuku gani huyo?"

Mzee akajitia hamnazo, akaenda zake zizini.

Jirani yao, Bibi Ha, alikuja kuazima ungo, akautazama ukuta kwa raha ya mtu ambaye nyumba si yake.

"Huu si ufa, mwanangu, ni mlango. Na hapa chini mnamwaga nini? Pamelowa."

Guilan akagusa. Kweli, mchanga ulikuwa rojo.

"Jana tena, kwenye zamu yenu ya maji ya mfereji," Bibi Ha akaendelea, "nilimwona mkweo akikata tuta, anayapeleka maji zizini. Nikasema, kumbe kondoo wa akina Mu siku hizi wanaogelea."

Zizi lilikuwa nyuma ya jiko, hatua sita tu. Guilan alikwenda huko, akafukua majani makavu kwa mikono mpaka akagonga mbao. Mzee alikuwa amesimama kando na koleo lake.

"Usifunue. Vumbi litaingia."

Chini ya mbao kulikuwa na kisima. Mzee alikichimba majira yote ya baridi, peke yake, wakati Guilan akidhani anazoa samadi. Kisima cha kuhifadhi maji ya mvua, mdomo mwembamba na tumbo pana, kama vile vya kwao milimani. Huko binti alipoposwa, wazazi wake waliuliza kwanza kwa mchumba kuna visima vingapi. Guilan mwenyewe aliozwa kwenye nyumba ya visima vitatu, na akaonewa wivu. Kwa hiyo alishindwa kumkasirikia mzee vizuri, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Baba, tuna mfereji."

"Mfereji ambao maji yake hupandishwa na mashine kutoka mtoni! Siku mashine zikizimwa, utamnywesha mtoto nini? Mate?"

"Ulikikandika?"

"Udongo mwekundu, mwezi mzima nikiupiga. Kama alivyonifundisha baba yangu."

Milimani ufundi huo ulitosha, maana nyuma ya ule udongo kulikuwa na udongo mwingine mgumu. Hapa nyuma yake kulikuwa na mchanga mtupu. Guilan akakifunua.

"Nimekijaza mpaka shingoni," mzee akasema, na hata sasa alikuwa na fahari.

Guilan akadondosha kokoto. Wakasikiliza. Ilitua kwenye tope, pu, bila maji.

Mzee akapiga magoti, akaingiza kichwa. Alipokitoa, uso ulikuwa umemsawajika. Wote wawili wakageuka kuitazama nyumba. Suyin alikuwa amelala ndani, kwenye kitanda cha udongo kilichoegemea ukuta wa jiko.

Guilan alikimbia kufa kupona. Alimzoa mtoto na blanketi lake, na alikuwa ndiyo kwanza amefika uani ukuta ulipolala chini na nusu ya paa. Bomba la maji la jikoni likakatika, maji safi yakaruka kati ya matofali, chini ya boriti iliyoning'inia.

"Baba, rudi huku!"

Mzee hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alikuwa tayari chini ya boriti, akijaza sufuria, kisha bakuli, na vyombo vilipokwisha akavua kofia yake nyeupe na kuikinga. Guilan, mtoto kiunoni, akamkamata koti.

"Niache, mwanangu," mzee akasema huku analia. "Yanamwagika."

Guilan akamvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Walianguka uani pamoja, na boriti ikaanguka nyuma yao.

Mzee alikaa kwenye mchanga, kofia imejaa viganjani, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni. Akainyoosha kwa Suyin.

"Mnyweshe," alisema. "Upesi, kabla hayajaisha."

Guilan alitaka kumpigia kelele. Badala yake akamshika mtoto kichwa, akamsogeza, naye akanywa.